Miwani Iliyoniumbua Zombe

Wasee, mimi nimewahi kufeli mtihani wa macho na naona vizuri kabisa.

Naitwa Munyao, fundi wa pikipiki hapa Zombe. Nafanya kazi na mke wangu Mbithe, ambaye nilimfundisha mwenyewe.

Juzi watafiti walikuja na miwani yenye kamera ndogo za kutazama mboni za macho. Walituambia akili ikifanya kazi nzito, mboni inapanuka. Mkubwa wao, Daktari Cheryl, alisema anatafuta fundi mmoja awe mwalimu wa ufundi Kitui mjini.

Niliitaka hiyo kazi vibaya sana. Mgongo wangu umechoka kulala chini ya pikipiki za watu.

Sasa, kila fundi wa huku anajua kwamba mbele ya mteja hakuna kazi rahisi. Hata kama ni plagi tu, unakunja uso, unaguna, unatikisa kichwa. Hapo ndipo anakuheshimu.

Nikajiambia, miwani nayo ni mteja.

Mimi na Mbithe tukavishwa miwani, kila mmoja akapewa kabureta afungue, asafishe, afunge. Mikono yangu inaijua hiyo kazi, kwa hivyo akili nikaitafutia shughuli. Nikazidisha kumi na saba mara ishirini na nane. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka elfu moja, nikitoa kumi na tatu kila mara. Jasho likanitoka.

Mbithe, kando yangu, alifunga yake akimsimulia Daktari vile mbuzi wetu alikula kalenda ya kanisa.

Baada ya chai tukaitwa.

"Bwana Munyao," Daktari akasema, "mboni zako zilipanuka mwanzo hadi mwisho. Hiyo tunaona kwa mtu anaanza kujifunza. Mwenye amebobea, akili yake inatulia."

"Daktari, nilikuwa napiga hesabu."

"Hesabu gani, ndani ya kabureta?"

Akili nyingi huondoa maarifa, na yangu ilikuwa imeondoka yote.

Kazi akapewa Mbithe.

"Nani alikufundisha wewe?" Daktari akamuuliza.

"Ni huyu mume wangu, Baba Kasyoki," Mbithe akasema. "Lakini alikuwa ananifundisha jioni, wateja wakishaenda. Hapo hakuna mtu wa kumuonyesha eti kazi ni ngumu."

Niliona aibu, jamani.

Siku hizi yeye anaenda Kitui kufundisha, mimi nabaki na pikipiki. Inaniuma, na bado najivunia yeye.

Wewe unayesoma, kama kazi unaijua, wacha ionekane rahisi.