Loader iliyokuwa inachoka kila dakika ishirini, na spea tuliyoifuata hadi Ogwedhi

Wakuu, nawasalimu kutoka Migori.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nacheka na comments, natoka. Leo nimeamua kuandika, na nitaeleza kila kitu vile kilitokea, hata pale panaponiaibisha. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli tupu. Kiswahili changu ni cha huku ziwani, mtanivumilia.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine nzito, hasa wheel loader za zamani. Zile ambazo makontrakta wa barabara wakishazichosha wanaziuza kwa mnada, halafu zinakuja kumalizia maisha huku kwetu zikipakia mchanga, ballast, na mawe ya wachimba dhahabu kule Osiri.

Nusu ya hii kazi ni kufungua nati. Nusu ingine ni upelelezi. Spea hakuna. Kibati cha serial number kimeng'oka, au kimepakwa rangi mara tatu. Kitabu cha mashine, kama kipo, kimeandikwa Kijapani.

Hiyo nusu ya upelelezi ndiyo naipenda. Naweza kulala nikiwaza bolt.

Sasa kuna mama mmoja hapa Migori town, tumwite Madam Rispa. Ni Msabato, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno machache. Alinunua loader ya Kijapani kwa mnada, mashine ina umri kunishinda. Operator wake ni Chacha, Mkuria mmoja mtulivu sana, ameendesha mashine tangu akiwa kijana na huwa anaigusa lever kama mtu anafunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Mwaka jana niliifanyia service kamili. Mwaka huu Madam akapata kazi upande wa Homa Bay, beach moja ambayo maji ya ziwa yalikuwa yamepanda yakameza barabara. Lori za samaki hazingeweza kufika kwa banda la kupokelea samaki. Wanawake walikuwa wanabeba samaki kwa beseni, wakivuka maji ya magoti, hadi pale lori imesimama. Loader ilitakiwa ipakie murram, ule udongo wa kujengea barabara, njia iinuliwe kabla mvua haijaanza.

Siku ya pili, Madam akanipigia.

"Fundi, mashine imekataa."

Nikaenda. Na wakuu, ilikuwa ajabu. Asubuhi inawaka vizuri, inapakia vizuri, inapanda murram na baketi imejaa. Dakika ishirini hivi zikiisha, inaanza kulegea. Unakanyaga mafuta, engine inanguruma, lakini magurudumu hayana habari. Ukiizima ukaiacha, baadaye inarudi. Dakika ishirini tena, inalegea.

Kwa wale hawajui: hizi loader hazina clutch kama ya lori. Kuna pampu inayovuta oili chini ya gearbox na kuisukuma kwa nguvu. Hiyo nguvu ya oili ndiyo inafanya mashine itembee. Oili isipofika, engine itapiga kelele tu na wewe uko palepale.

Nikafunga pressure gauge, kipimo cha nguvu ya oili. Mwanzo sindano imesimama vizuri. Baada ya muda ikaanza kushuka, polepole, na pampu ikaanza kulia kama filimbi.

Nikatoa hukumu mbele ya watu wote. "Pampu imeisha. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, pampu haiwezi kuishika tena."

Madam akamgeukia Chacha. "Na hii pampu imeishaje? Si ni vile unaikimbiza?"

Chacha akasema, "Mama, mimi siikimbizi."

Madam akaniangalia mimi. "Fundi, inawezekana ni uendeshaji?"

Nikasema inawezekana.

Nilisema hivyo kwa sababu ni jibu rahisi. Chacha alitoa kofia, akaipangusa vumbi, akavaa tena.

Tukaanza kutafuta pampu. Nilipiga simu Kisumu, Nairobi, kwa kila mtu ninayemjua. Wengi walitaka serial number, na yetu ilikuwa imekwanguka imebaki herufi mbili. Mmoja akasema ataiagiza nje, tungoje. Tungoje na mvua iko njiani?

Ndipo dereva mmoja wa lori ya ng'ombe akaniambia aliona loader kama yetu Ogwedhi, karibu na soko la mifugo. Kontrakta aliiacha hapo miaka mingi iliyopita.

Tukaenda na Madam, siku ya soko. Kweli ilikuwepo! Model ileile, rangi ileile, mbuzi wanne wamelala kwenye kivuli cha baketi. Nilifurahi mpaka nikaipiga picha kama mtalii. Mwenye kiwanja, mzee mmoja mpole, akasema iliharibika engine, gearbox haikuguswa. Tukaelewana. Nikalala chini yake karibu siku nzima, kinyesi cha mbuzi mgongoni, mpaka pampu ikatoka. Safi kabisa. Ukiizungusha kwa mkono inateleza kama siagi.

Kesho yake, huko beach, nikaitoa pampu yetu, nikaziweka zote mbili juu ya gunia, bega kwa bega.

Mashimo ya bolt sawa. Midomo ya oili sawa. Shafti, meno hayakuwa sawa. Yetu ilikuwa na jino moja zaidi.

Nilihesabu mara tano. Nikampa Chacha ahesabu. Jino moja. Mashine mbili zimefanana kama mapacha, lakini kumbe kiwandani kuna siku waliamua kubadilisha shafti.

Madam alikaa juu ya jiwe. Akasema, kwa sauti ya chini, kuna watu wa vyuma chakavu wamemuomba hiyo loader, na labda ni wakati aikate tu. Akasema pia Chacha atafute kazi mahali pengine mwisho wa mwezi. Akaingia kwa gari akarudi Migori.

Nikabaki na pampu mbili. Kitu kikawa kinanisumbua: ile yetu ya zamani, ambayo niliihukumu, nayo ilikuwa inazunguka vizuri. Nikaifungua. Haikuwa imelika. Sasa inaharibikaje na haijaharibika?

Nikairudisha ilivyokuwa. Chacha alikuwa ananishikia spana, mtu ambaye nimesaidia kumfukuza kazi. Halafu akasema kitu, kama mtu anayejisemesha:

"Fundi, hii mashine mimi naona haichoki kwa sababu ya joto. Juzi ilikataa, nikazima ninywe uji. Kikombe kimoja tu. Nikawasha, ikaenda."

"Kikombe kimoja?"

"Kimoja."

Wakuu, niliacha kukaza bolt. Gearbox ya ukubwa ule haiwezi kupoa kwa kikombe cha uji.

Tukajaribu. Tukawasha, ikapakia, ikalegea. Nikaweka mkono kwa gearbox: moto wa kuunguza. Tukazima dakika tano. Nikashika tena: bado moto vilevile. "Washa!"

Ikaondoka kama mpya.

Basi si joto. Ni kitu kinachovutwa pole pole mpaka kinaziba njia ya oili, na pampu ikisimama, kinaachilia. Kama karatasi ikinaswa kwa ncha ya mrija wa soda. Ukiacha kuvuta, inaanguka.

Hapo pa kuvutia oili kuna chujio. Kwa nini sikulifungua siku ya kwanza? Kwa sababu mwaka jana nililisafisha mwenyewe, kwa mkono wangu. Niliamini mkono wangu.

Ijumaa mchana tukamwaga oili, nikafungua mfuniko, nikaingiza mkono. Nikashika kitu laini. Nikavuta.

Kitambaa. Kimelowa, cheusi kwa oili. Nikakikamua, nikakipangusa na petroli kidogo, rangi ikaanza kutokea. Tembo wadogo wa bluu.

Hiyo ilikuwa shuka ya kitanda cha binti yangu. Ilipochakaa niliichana vipande, nikawa natumia kazini. Mwaka jana niliziba tundu na hicho kipande vumbi lisiingie, nikasahau kukitoa. Nadhani kilikaa pembeni mpaka kazi nzito ya huku ilipokisogeza hadi kwa chujio.

Chacha akacheka kwa furaha. "Mafundi wa zamani hao! Waliacha kitambaa!"

Na kweli, hiyo mashine imepita mikononi mwa mafundi wengi. Hakuna mtu duniani angejua. Nilikitia mfukoni. Nakiri, nilikitia mfukoni.

Asubuhi nilikuwa nimempigia Madam kwamba pampu haina kosa, na saa tisa akafika na oili mpya. Chacha akamkimbilia kumweleza. Madam akashukuru Mungu, kisha akauliza, "Ni fundi gani mjinga aliacha kitambaa kwa gearbox?"

Nikakitoa mfukoni. "Ni mimi, mama. Hii ni shuka ya nyumbani kwangu."

Nyuma yetu wale wanawake walikuwa wakiitana na mabeseni yao.

"Nisamehe, mama," nikasema.

Madam akakichukua kile kitambaa. "Mimi nimepoteza siku. Huyu," akamwonyesha Chacha, "ndiye tulitaka apoteze kazi. Mimi nitaongea naye baada yako. Anza wewe."

Nikamgeukia Chacha. Nilimwambia kwamba niliulizwa kama ni uendeshaji wake, na nilijua sijui, na bado nikasema inawezekana.

Chacha hakusema amenisamehe. Alisema, "Jaza oili."

Nikajaza. Akapanda, akawasha. Dakika ishirini zikapita. Arobaini. Saa nzima. Hakuna aliyeondoka, hata wenye samaki walisimama kutazama. Akapakia mpaka Madam akapunga mkono, jua linaenda kushuka, Sabato inaingia. Barabara ilimalizika wiki iliyofuata, na lori ya kwanza ikafika hadi kwa mlango wa banda.

Nimejifunza nini? Kabla hujatafuta spea, hakikisha ni spea imekufa. Ukipata mashine ya kufanana, hesabu meno kabla ya kusafiri nayo. Msikilize anayekaa kwa kiti cha mashine kutwa nzima. Na usiseme "inawezekana" juu ya kazi ya mtu kama hujui.

Chacha na mimi bado tunafanya kazi pamoja. Kila nikifungua gearbox yake anasimama nyuma yangu, anahesabu vitambaa kwa sauti, vikiingia na vikitoka. Wateja wanacheka. Mimi nangoja amalize kuhesabu, ndiyo nafunga mfuniko.

Mafundi na operators mlio humu, mmewahi kutoa nini ndani ya mashine ambacho hakikufaa kuwa hapo? Na mlisema ni cha nani?