Wimbi Lililopikwa Tanurini

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Ifakara, miaka ya hamsini, nilipookota chupa iliyolala kama mlevi. Usicheke, mwanangu. Shingo ilikuwa imepinda, tumbo limebonyea, na mgongoni imebeba kipande cha chupa nyingine, vimegandana kama mtoto na mama. Fundi matofali aliisahau ndani ya tanuru, moto nao ukaifanya ulivyotaka.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari. Wenzangu walikwenda Morogoro na Dar es Salaam kutafuta kazi. Mimi nilisafiri hadi jikoni kwa mama, nikaona panatosha. Hapo jikoni nilimkuta shangazi yangu Filomena, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Masika yaliyotangulia mto ulikuwa umemfuata mpaka kwake na kuibeba nyumba yake ya udongo, na tangu hapo alilala kwetu, kati ya magunia ya mpunga. Siku ile nilikuwapo. Nililiona wimbi likiingia mlangoni, la kijani, limejaa povu, limeinama kama nyati anayetaka kupiga pembe. Tulikimbia, lakini lile wimbi halikunitoka kichwani.

Sasa nimeishika ile chupa, moyo unaruka: kumbe kioo nacho hutiririka! Basi nitalipika lile wimbi.

Shangazi alikuwa anajiandaa kuchoma matofali ya nyumba mpya, ambayo ilipaswa kusimama kabla ya mvua. Nikamwendea.

"Shikamoo, shangazi. Naomba nafasi kidogo tanurini."

"Marahaba. Ya kuchoma nini, baba? Viazi?"

"Mafuriko."

Alicheka mpaka akaweka chini chungu alichokuwa anakifinyanga. "Yamenichukulia nyumba, nawe unataka kuyapika kwenye matofali yangu! Haya, lete hayo mafuriko."

Akanifinyangia bamba la udongo lililopinda kama wimbi, akalipaka majivu ili kioo kising'ang'anie. Nikazunguka kuomba chupa: za dawa, za bia, za mafuta ya nywele. Nikazivunja, nikazipanga juu ya bamba. Moto ukawaka siku tatu. Ukichungulia ndani unaona wekundu unaopumua! Kisha midomo ya tanuru ikazibwa kwa tope, naye shangazi akasema, "Wiki nzima asiliguse mtu. Moto tuliuingiza kwa kuni, utatoka kwa siku zake."

Wiki! Najua unangoja nikuambie haraka haraka haina baraka. Mwanangu, sentensi hiyo niliandikishwa shuleni mara hamsini, kwa mwandiko mzuri kabisa, na haikuingia. Siku ya pili, shangazi akiwa shambani, nikabomoa tofali moja. Halafu la pili. Halafu nikapanua mlango wa kupita kondoo.

Nililiona. Naapa nililiona wimbi langu zima, linameta! Upepo ukapita begani kwangu ukaingia ndani. Ta! Tata! Likapasuka mbele ya macho yangu, na matofali ya upande ule nayo yakaanza kulia, moja baada ya jingine, yanapasuka. Matofali ya chumba kizima cha shangazi yalikwisha hivyo, na wingu la mvua halingojei mtu.

Shangazi alirudi na jembe begani. Akaketi, akaokota kipande cha kioo, akakigeuza juani.

"Uliliona?"

"Nililiona, shangazi. Likiwa zima."

"Lilikuwa zuri?"

"Zuri mno."

"Basi hiyo ndiyo adhabu yako, mimi sina ya kuongeza." Akainuka. "Ila kesho unaanza kufyatua matofali."

Nilifyatua mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Shangazi akanionya pia kwamba chupa za kila namna hazikai pamoja, kama udongo wa huku na udongo wa kule katika chungu kimoja. Mara hii nikapanga za kijani tupu. Moto ukawaka, midomo ikazibwa, naye akanigeukia.

"Sasa nenda Lupiro kwa binamu zako."

"Lupiro? Shangazi, si ng'ambo ya mto huko!"

"Ndiyo maana."

Mimi, ambaye kwenda kisimani nilikuita safari, nikavushwa kwa mtumbwi! Wiki nzima nilipura mpunga huku binamu zangu wakiniamkia, "Bwana Tanuru, kumepoa?"

Siku ya saba nikavuka, nikakimbia njia nzima. Nikamkuta shangazi amekaa mbele ya tanuru, vidole vyake vinachezacheza. Hakuwa ameligusa.

"Fungua, baba! Nimeteseka kuliko wewe. Wewe ulikuwa Lupiro, mimi nililala nalo hapa hapa!"

Tulifungua wote wawili, tofali kwa tofali, yana uvuguvugu kama mkate. Na ndani, mwanangu, lilikuwapo! Zima! La kijani, limeinama vile vile, na ndani yake mapovu yamenaswa, povu lile lile la mto. Shangazi alilipapasa. Kisha akasema, "Ndilo hili. Sasa litakaa ninapotaka mimi."

Akalijengea ukutani, juu ya mlango. Mvua zilipokuja nyumba ilikuwa imesimama, na kila jua lilipochomoza sakafu ikawa kijani. "Mafuriko yameingia!" alikuwa akipiga kelele, huku anacheka.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema wazee. Lakini sikukatazi kuwa na hamu, mwanangu. Shangazi alikuwa nayo kunizidi, ila yeye aliikalia. Jambo likishatoka motoni, liwe uchumba, shamba au ugomvi uliokwisha, lipe siku zake za kupoa. Mikono ikikuwasha, nenda Lupiro, nami nitakulipia mtumbwi.

Mungu akupe moto wa kuanzia na moyo wa kungojea, na utakalolifungua ulikute zima.