Mkwara wa Adam Carnochan Juu ya Barafu

Watu wa Auchenlarich walimjua hivi fundi wao wa matandiko ya farasi: dukani hasemi, barafuni hanyamazi. Ungempelekea hatamu iliyokatika, angeipokea, angeitazama, angeitikia kwa kichwa, basi. Lakini ziwa likiganda na mawe ya mchezo, yale mazito yenye mpini yanayotelezeshwa hadi kwenye shabaha, yakitolewa stoo, Adam Carnochan alikuwa mtu mwingine kabisa. Yeye ndiye aliyekipigia kijiji bost.

Neno hilo limetoka mbali. Babu yake Adam alilitumia kwa vitisho vitupu: wakala wa mwenye shamba akija mlangoni na mbwa wake, huyo amekuja kupiga bost. Kwa mama yake lilikuwa limeshapoa, likabaki kuwa majigambo ya jirani mwenye ng'ombe mmoja anayemsimulia kama kundi zima. Mwalimu wa shule akalipiga marufuku, eti ni Kiskoti cha zizini, na aliyelitamka alichapwa mkanda viganjani. Basi likakimbilia barafuni, na huko kujigamba na kutisha vikarudi kukaa nyumba moja. Mkwara kamili, kwa pumzi moja. Mimi naona lilifanya vizuri kukimbia.

Kila mchezo na kijiji cha Drumwhirn, ng'ambo ya ziwa, ulianza kwa bost. Mpigaji alitangaza mbele ya watu wote atakachowafanyia wapinzani upande wake ukishinda. Ukishinda, lazima akitimize siku hiyohiyo, la sivyo hakanyagi tena barafu mpaka afe. Ukishindwa, maneno yake yamekufa, na haruhusiwi kuyarudia. Mwaka mmoja Adam aliapa kumnyoa ndevu mchungaji wa Drumwhirn. Alimnyoa kweli, na mchungaji akakaa kitini ametulia kama kondoo, maana sheria ni sheria.

Sasa huyu shujaa alikuwa na ugonjwa wake. Alimpenda Grizel Hannay, mjane wa Drumwhirn aliyeoka vikate vya shayiri. Kila Jumamosi alizunguka ziwa zima kwenda kuvinunua. Njiani alipanga hotuba; akifika alisema, "Baridi leo," akalipa, akaondoka. Alisema hivyo hata mwezi wa Julai, ambao huko ni wa joto. Miaka ilikwenda, maskini, na kabati lake likajaa vikate.

Baridi kali ya mwaka 1895 ikaja, ziwa likaganda likawa gumu kama sakafu. Siku ya mchezo, mpiga bost wa Drumwhirn alikuwa kitandani na koo limefunga. Aliyejitokeza badala yake ni dada yake, Grizel, kajitanda shali, mikono kiunoni. Wazee wakaguna. Hakuna mwanamke aliyewahi kupiga bost.

"Msinikodolee macho!" akawaambia. "Auchenlarich, leo mtarudi kwenu mnatambaa! Mawe yenu tutafanyia mafiga, mifagio yenu tutawashia jiko. Na wewe Carnochan, kelele zote hizo za nini? Nikikushinda, nitakutia kwenye tanuri langu utoke umeiva, labda utajifunza kuongea na watu!"

Drumwhirn wakaangua kicheko. Adam akapanda juu ya kreti. Alikuwa ametayarisha maneno kuhusu kengele ya kanisa lao. Yakamtoka kichwani yote. Mdomo ukaenda peke yake.

"Drumwhirn! Nyama yenu tutaila, wiski yenu tutainywa, na huyu muoka vikate wenu nitamtupa begani nivuke naye ziwa hadi nyumbani kwangu, na harudi!"

Auchenlarich wakalipuka kwa vifijo, na Adam akashuka uso umemwiva.

Walicheza mchana kutwa. Jua liliposhuka walikuwa sare, limebaki jiwe moja tu, la Adam. Akalishika mpini, akapiga hesabu ya moyo. Akilituma vizuri, lazima ambebe mwanamke ambaye hajamuuliza lolote. Akikataa kubebwa, barafu basi, tena kwa aibu. Akilikosesha, mchezo unaisha sare, yote yanafutika, na Jumamosi atakwenda kusema baridi leo. Kukosesha kulikuwa rahisi mno. Akalishikilia jiwe pale pale.

"Carnochan!" Grizel akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Ole wako ukilikosesha makusudi!"

Akalisukuma. Lilinyooka vizuri, lakini uoga ulikuwa umempunguza nguvu. Likaanza kuchoka njiani. Wenzake wakalifagilia mbele, maana barafu iliyofagiwa hulipeleka jiwe mbali zaidi, wakafagia hadi pumzi zikawaisha. Jiwe likawa linakufa hatua chache kabla ya shabaha. Hapo Grizel akampokonya mtu ufagio, akakunja sketi, akainama, akafagia barafu kama anayefukuza panya jikoni. Jiwe la adui!

"Grizel! Umechanganyikiwa?" Drumwhirn wakapiga mayowe. "Hilo si letu!"

"Nalijua ni la nani!"

Jiwe likajivuta, likajivuta tena, likalala katikati kabisa.

Grizel akatupa ufagio, akamwendea Adam, akasimama mbele yake, jasho likimtoka katika baridi ile. "Haya. Bega gani?"

"La kulia," Adam akasema kwa sauti ndogo. "La kushoto lina baridi yabisi."

Akambeba. Vijiji viwili vikamfuata kwa vicheko na filimbi, mchungaji asiye na ndevu akiwa mbele kabisa. Katikati ya ziwa Adam akasimama, pumzi juu juu.

"Bi Grizel, niambie ukweli. Umekubali, au nimekutisha?"

"Leo hujanitisha hata kidogo," akajibiwa kutoka begani. "Ulinitisha zile Jumamosi zote. Kila ulipotoka dukani kwangu bila neno, nilidhani hutarudi tena. Twende, bwana, nagandia huku juu."

Adam akaenda.