Mawese katika Pikipiki ya Yaya

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilipokuwa nafundisha darasa la tatu hapa Uvira, watoto walinyamaza waliposikia viatu vyangu tu. Lakini hasira niliyonayo juu ya ile pikipiki si ya kupiga meza. Imenikaa kooni, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa ya agronomu mmoja Mbelgiji aliyesimamia pamba upande wa Mutarule. Mwaka wa uhuru aliondoka asubuhi moja, chai ikiwa bado mezani, akavuka kwenda Burundi na gari lake. Pikipiki akaiacha ghalani, ikakaa humo miaka miwili. Kuku walitagia juu ya kiti, panya wakala nyaya, kutu ikala kilichobaki. Kaka yangu mkubwa alikuwa muuguzi wa dispanseri. Nilimwita Yaya, kama tunavyowaita kwetu wale waliotutangulia kuzaliwa. Alizunguka vijiji vya bonde la Ruzizi kwa miguu, sanduku la dawa begani. Mlinzi wa lile ghala alikuwa na mtoto ambaye Yaya alimtibu akapona, basi akamwambia aichukue hiyo takataka kama anaitaka. Tuliisukuma siku mbili kutoka Mutarule mpaka kwetu Songo, hapa Uvira, na mikono yangu ilitoka malengelenge.

"Sasa nani atatengeneza hii?" mama aliuliza.

"Minye," nikajibu, nikijigonga kifua.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijawahi kushika spana maishani mwangu. Nilichojua kushika ni chaki. Lakini baba yetu alikufa nikiwa mdogo, na Yaya ndiye aliyenilea, akanipeleka shule, akanifundisha hata kunyoa ndevu. Nilikuwa sijawahi kumpa kitu. Nikajiapia kwamba hiki nitampa, kiwe kizima, kinguruma, na kimetengenezwa na mikono yangu.

Niliifungua kimwalimu. Nilitandika mikeka miwili uani, kila kifaa nikikitoa nakipa namba kwa chaki, halafu nakichora kwenye daftari na namba yake. Nilijiona profesa. Mvua ya Novemba ikaja mchana mmoja nikiwa shuleni, ikafuta namba zote. Loo! Nilirudi nikakuta mama amevikusanya vifaa vyote ndani ya sufuria moja, kwa huruma. Nilipounganisha mara ya kwanza nilibakiwa na nati tatu na springi moja ambayo sikujua ni ya wapi. Majirani waliopita walichungulia uani: "Mwalimu, mgonjwa ameamkaje?" Niliwatukana, wakarudi kesho yake kuuliza tena.

Ilinichukua karibu miaka miwili. Mafuta ya zamani niliyoyakuta ndani ya injini yalikuwa meusi kama lami, nikayamwaga kwenye nguzo za choo ili mchwa wasizile. Nilijisifu kwa akili hiyo. Kabureta niliisafisha kwa unyoya wa kuku na mafuta ya taa. Halafu nikaanza mapambo, kwa sababu nilitaka iwe yake Yaya, si ya Mbelgiji. Nilikata chuma cha kitanda kibovu nikaongezea kibebeo cha nyuma, kirefu, cha kutosha sanduku la dawa au mtu mzima. Kiti nilikivalisha ngozi ya ng'ombe ambayo baba mkwe wa Yaya, mfugaji wa kule juu milimani, alitutumia. Tangi nililipaka rangi ya kijani iliyobaki kwa jamaa mmoja aliyepaka mtumbwi wake. Ilikuwa kijani kibaya kweli, lakini Yaya alipoiona alishika kiuno na kusema, "Mwalimu, hii iko nzuri kuliko bibi arusi."

Mke wake, shemeji yangu, wakati huo alikuwa kwao juu milimani. Alikwenda kujifungulia kwa mama yake, akajifungua mtoto wa kike. Yaya alikuwa hajamwona huyo mtoto. Alikuwa apande kuwachukua mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo uasi ukatufikia. Sitaki kuueleza sana, walioishi wanajua. Shule ikafungwa. Barabara ya bonde leo ni ya hawa, kesho ya wale. Watu wa mitumbwi ya injini wakavuka ziwa na mitumbwi yao. Tukasikia kwamba watu wenye silaha wanapanda kuelekea kwa akina shemeji. Yaya akanijia uani, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Itawaka?"

"Itawaka."

"Nipande niwachukue, tushuke, tuvuke Burundi sote. Kwa miguu nitachelewa. Weye niambie ukweli, itafika?"

Petroli alikuwa nayo, bidoni moja aliyoificha dispanserini. Kilichokosekana ni mafuta ya injini. Nilizunguka Uvira nzima siku mbili, kwa makanika, kwa wenye malori, mpaka misheni. Wapi! Hapakuwa na hata kikombe. Nikakumbuka yale niliyoyapa nguzo za choo, nikajipiga kichwa kwa kiganja.

Sasa nyinyi msiotoka huku hamwezi kuelewa mawese ni nini kwetu. Tunapikia mawese. Mtoto akikohoa anapakwa mawese. Mlango ukilia unatiwa mawese, mnyororo wa baiskeli pia, na ukikosa mafuta ya taa unawashia taa. Hapa ziwani kuna joto, mawese yako majimaji mwaka mzima, mekundu, yanateleza vizuri. Niliyachovya kwa vidole nikayasugua. Nikajiambia, mafuta ni mafuta. Nikayachuja kwa kitambaa cha mama mara mbili, nikayamimina ndani ya injini.

Ikawaka! Ee Mungu wangu, ikawaka kwa teke la nne, ikanguruma vizuri, majirani wakatoka wote wakapiga makofi, hata wale wa "mgonjwa ameamkaje". Niliizungusha barabara ya Songo mara tatu, na injini ilikuwa laini kabisa. Yaya alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Akaniuliza, "Mafuta ulipata wapi mwishowe?"

"Nilipata," nikasema.

Hilo tu. Sikumwambia. Niliona haya kumwambia kwamba baada ya miaka miwili ya kujifanya fundi nimemtilia mafuta ya mboga. Angecheka, na siku ile sikutaka kuchekwa. Alinikumbatia, akaondoka saa mbili asubuhi. Nikasimama barabarani mpaka sauti ikaisha.

Hakurudi. Siku ya nne shemeji alifika kwa miguu, mtoto mgongoni, nyayo zimechanika, pamoja na watu wa kijiji chao. Alisema maneno machache: pikipiki ilikataa kuwaka asubuhi ya kushuka, Yaya akawaambia watangulie, halafu wakiwa bondeni wakasikia risasi. Aliyepita pale baadaye alimkuta Yaya amelala kando ya pikipiki. Walimzika hukohuko. Waliompiga ni akina nani? Kila mwaka nasikia jibu jingine, nimechoka kusikiliza.

Tulivuka Burundi, mama, shemeji, mtoto na mimi. Nilijiambia ni bahati mbaya, ni bujia haikutoa cheche, ni waya niliofunga vibaya. Wakuu wa huko wakatuweka juu vilimani, mahali pa baridi ambayo sisi watu wa ziwani hatukuizoea. Asubuhi ya pili mama mmoja, mkimbizi mwenzetu, alitaka kupika. Alitoa chupa yake ya mawese, akaipindua juu ya sufuria. Hayakutoka. Akaitikisa, akapiga kitako cha chupa. Yalikuwa yameganda kama sabuni. Akaisogeza karibu na moto, akangoja, wala hakushangaa.

Nikakaa chini kwenye umande. Yaya alilala kule juu usiku mmoja. Kule juu kuna baridi kuliko pale.

Sikumwambia mtu. Tuliporudi Uvira nilirudi kufundisha, nikamjengea shemeji nyumba ya vyumba viwili karibu na yetu, nikamsomesha mtoto. Watu walisema, huyu mwalimu ana roho nzuri, anamtunza mjane wa mkubwa wake. Nikisikia hivyo nilikuwa nagombana na aliyesema, kwa sababu yoyote ile, hata ya kuku. Kila shemeji aliponikaribisha chakula nilikuwa na udhuru. Yeye alikuwa mpole kwangu, lakini upole wa mbali, wa kupokea kwa mikono miwili na kuangalia chini. Nilidhani ni huzuni.

Mtoto alipofika darasa la sita, shemeji aliniita. "Anauliza baba yake alikufaje," akasema. "Njoo umweleze weye."

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Yule binti alikaa mbele yangu na magoti pamoja, ana paji la uso la Yaya, ananingoja. Nilishindwa kuanza mbele yake. Nikamtuma maji. Alipotoka nikamgeukia mama yake, nikasema yote kwa pumzi moja: mafuta niliyoyakosa, mawese, kitambaa cha mama, swali la Yaya na jinsi nilivyomjibu "nilipata". Nilisema, "Minye ndiye niliyemuua, shemeji. Miaka yote hii unakula mkononi mwangu, na minye ndiye."

Hakulia. Alikunja mikono juu ya kanga yake.

"Alijua," akasema.

"Nani?"

"Yeye. Ile asubuhi chuma cha kupigia teke kilikataa kushuka. Akafungua pale pa mafuta, akaingiza kijiti, kikatoka na kitu cha njano kigumu. Akanusa. Akacheka, shemeji, alicheka mpaka mtoto akashtuka. Akasema, mwalimu amenipikia. Halafu akawasha moto mdogo chini ya injini, yayeyuke. Watu wakamwambia, acha hicho chuma, twende. Baba yangu alimshika mkono kabisa. Akasema hapana, mdogo wangu amehangaikia hii miaka miwili, siwezi kumrudia mikono mitupu. Tangulieni, ikiwaka nitawakuta njiani. Tuliposhuka nilikuwa nageuka, naona moshi wa ule moto wake. Na wale wenye silaha waliuona."

Nilimkasirikia Yaya. Ndiyo, marehemu, nilimkasirikia pale pale mpaka nikasimama. Chuma! Kwa ajili ya chuma na rangi mbaya ya mtumbwi! Kama angejua kwamba ningeikanyaga mwenyewe, ningeitupa ziwani mwenyewe! Nilisema hayo kwa sauti, nikipiga ukuta wa chokaa. Shemeji aliniacha nimalize.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Miaka kumi na mmoja! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe," akasema. "Mwaka wa kwanza nilisema atakuja. Mwaka wa pili nilisema atakuja. Nilikuchukia, shemeji, nikuambie kweli. Si kwa mawese. Muntu anakosea. Nilichukia ulivyokuwa unaniletea unga na kunyamaza." Alifuta mdomo kwa pembe ya kanga. "Na iko kitu nilikunyima, Mungu anisamehe. Alinituma kwako. Alisema nikifika nikuambie ile pikipiki yako ilipanda mlima wote, haikusimama hata mara moja. Alisema, umwambie hilo kwanza, kabla ya salamu."

Mtoto alirudi na maji, akayaweka chini katikati yetu. Nilikuwa nalia kwa sauti, mimi mtu mzima, mwalimu wake, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.