Udongo wa Ndayikunda

Mwaka 2015, watu wa Makamba walipoikimbia Burundi, mwenye godoro alibeba godoro, mwenye redio alibeba redio. Ndayikunda, mjane wa miaka hamsini, alibeba miche ya magimbi, mizizi yake ikiwa bado na udongo wa nyumbani, ameifunga kwenye kitenge. Melini, kutoka Kagunga hadi Kigoma, walimcheka njia nzima.

Kwenye kambi ya wakimbizi aliipanda nyuma ya kibanda chake. Magimbi yakafa kwa jua. Pale pale, kwenye udongo ule ule, akapanda nyanya. Msimu wa pili ukaingia ugonjwa wa mnyauko, nyanya za majirani zote zikalala chini kama zilizomwagiwa maji ya moto. Za Ndayikunda zikasimama, zikazaa.

Jirani yake Skolastika hakuhitaji uchunguzi. "Yule mama ana vitu vyake," alisema bombani, kwa sauti ya kusikika. Tangu siku hiyo Ndayikunda hakupanga tena foleni ya maji. Kila mtu alimpisha.

Habari hizo zikamfikia Oswald, mtafiti wa chuo kimoja. Akaja na kijiko na vifuko vya plastiki, akaomba ruhusa, akachota udongo kwenye mizizi ya nyanya. Baada ya mwaka akarudi.

"Mama, kwenye mizizi yako anaishi bakteria anayetengeneza dawa ya kuwazuia wale wanaoleta mnyauko. Tumesoma vinasaba vyake vyote, tukavilinganisha na vya ndugu zake tuliowatoa Ujiji na Buzebazeba. Wanafanana sana, ila hao wa huku hawana sehemu ya kutengeneza dawa. Mwenye nayo tumempata kwenye sampuli za zamani za Makamba."

"Mana yanje!" Ndayikunda akamwita Mungu kwa Kirundi. "Kwa hiyo naye ni mkimbizi?"

Oswald akacheka. Ndayikunda hakucheka.

"Mmemwandikisha?"

"Ana namba yake, mama. Ameshakwenda Morogoro, na sasa yuko Ulaya. Vibali vilitoka ndani ya wiki mbili."

Oswald akamwalika kwenye mkutano mjini Kigoma, wataalamu watakapomzungumzia bakteria huyo. Ndayikunda akaenda kuomba kibali cha kutoka kambini.

"Sababu ya safari?" karani akauliza.

"Mkutano kuhusu udongo wangu."

"Udongo si sababu, mama. Huumwi popote?"

Akafikiri. "Goti."

Kibali cha goti kilitoka siku mbili baada ya mkutano kwisha. Akaenda hivyo hivyo, kwa kuwa kibali hakitupwi. Akashuka hadi ufukweni Katonga, akala mgebuka wa kukaanga akitazama ziwa, akarudi na goti lake zima.

Akakuta habari za Oswald zimeshaenea kambini: haukuwa uchawi, ilikuwa sayansi. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Skolastika, na ndoo.

"Shikamoo, dada. Naomba kaudongo kidogo."

Ndayikunda akampa. Akaja mwingine, na mwingine. Kufika masika, nyuma ya kibanda chake palikuwa na shimo la kufika magotini, limejaa maji ya mvua, na nyanya zilikuwa kwa kila mtu isipokuwa kwake.

Akachukua ndoo, akaenda kwa Skolastika.

"Nimekuja kuomba udongo."

Skolastika akatazama miche yake iliyonenepa, akatazama ndoo.

"Chota, dada," akasema. "Ila usinimalizie."