Cornelia na Mwezi wa Kuondoka

Cornelia wa Chanji, mtaa wa Sumbawanga, alipopata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji Uturuki, chuo kilimtumia fomu yenye swali moja tu gumu: utaanza Septemba au Februari? Akaandika Februari. Watu walipomuuliza sababu, alisema anaogopa baridi.

Ulikuwa uongo wa kizembe. Ilikuwa Julai, na Julai ya Sumbawanga maji ya kunawa yanang'ata vidole. Isitoshe, mji aliokuwa anaendea, Februari ndiyo wanachota theluji kwa koleo. Sababu yenyewe ililala chumba cha pili: Bibi Tereza, mama wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Daktari alisema akifika Krismasi tumshukuru Mungu. Nyumba nzima ilijua hesabu hiyo na hakuna aliyeitamka. Cornelia alitaka awepo siku ya mazishi, basi.

Bibi hakuwa kiziwi. Asubuhi moja alimwita, akiwa amejikunyata kando ya jiko la mkaa.

"Mke mwenzangu, huko Februari kuna joto?"

"Hapana, bibi."

"Kwa hiyo mwezi nimepangiwa mimi."

Cornelia akatazama makaa.

"Na nisipokufa mpaka Februari, utaomba Septemba nyingine? Sijawahi kumchelewesha mtu shambani, nije nikucheleweshe wewe kwa kufa! Unataka kunililia? Nililie sasa, nisikie. Kisha uandike Septemba."

Bibi na mjukuu ni watani, na utani haukataliwi. Cornelia akalia kidogo, kwa aibu.

"Hicho kikohozi," Bibi akasema. "Ndugu zetu wa Muze, kule bondeni, watasikia kweli?"

Akalia tena. Mara ya tatu kilio kikamponyoka, kikawa cha kweli, na hakikuwa na breki.

Sasa, Chanji kilio cha namna hiyo hakiulizwi maswali. Kabla hajavuta pumzi, Mama Asnath wa nyumba ya pili alishafika mlangoni, kanga kiunoni, sinia la unga kichwani. Nyuma yake Mzee Ignasi, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na mzigo wa kuni begani. Wakamkuta marehemu anachochea moto.

"Karibuni," Bibi akasema. "Unga uwekeni pale."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Unga wa msiba haurudi nyumbani, kwa hiyo ukapikwa. Mzee Ignasi, kwa kuwa rozari alishakuja nayo, akasalisha. Bibi akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, akala ugali, akalalamika kwamba maharage hayajaiva. Alikuwa na furaha na hakuificha: ni wangapi wanaopata kujua nani atakuja msibani kwao?

Jioni Cornelia alirekebisha fomu.

Aliondoka Septemba. Bibi alifariki tarehe kumi na moja Novemba, akazikwa bila yeye. Simu ilimkuta kwenye ngazi za maabara. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kwa Kifipa, lugha ya kwao. Wanafunzi walimpisha, wakaenda kula.