Simu Dirishani, Bomba Shambani

Mume wa dada yangu mdogo tunamwita Bomba, maana bomba la kunyunyizia limekaa mgongoni mwake mpaka mashati yake yote yametoboka mahali pamoja. Ngano anaijua. Ila aliyemfundisha ni mimi, niliyeacha shule darasa la sita kwa hiari yangu. Akikataa, anadanganya.

Udongo ukikauka, mbolea ya chini hulala palepale kama mimi siku ya palizi. Mizizi haina maji ya kuinywea. Kwa hiyo Bomba huyeyusha mbolea ya urea kwenye maji, akatia sabuni kidogo ili matone yasiteleze, akayanyunyizia majani. Jani hunywa taratibu kupitia ngozi yake, mradi tone lisikauke upesi. Masuke yakishatoka, chakula hicho hakirefushi tena mmea. Kinaingia kwenye punje, na unga wake ukikandwa unavutika bila kukatika. Dada aliupenda sana unga huo. Sasa yuko ng'ambo, anakanda unga wa watu kwenye kiwanda cha mikate.

Msimu huu aliomba ruhusa kazini aje wakati wa mavuno. "Nitapiga asubuhi niwaambie wamesemaje," alituahidi.

Kwetu mtandao unashika kwenye dirisha la jikoni tu. Asubuhi hiyo Bomba akakaa hapo, bomba limejaa, liko mlangoni.

"Shemeji, jua linapanda," nikamwambia.

"Atapiga sasa hivi."

"Simu si yai. Hata uikalie, haianguliwi."

Hakucheka. Saa sita mchana simu ilikuwa bado kimya. Akabeba bomba kwa hasira, akaingia shambani kwenye jua kali. Matone yakakauka papo hapo, chumvi ya mbolea ikabaki juu ya majani. Baada ya siku mbili ncha zikawa kahawia, kama zimepitiwa na pasi.

Mimi na umbea wangu nikampelekea dada picha. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Kaka, huyu amenyunyizia mchana. Asubuhi alikuwa wapi?"

"Dirishani," nikamjibu.



Kesho yake jioni, jua limepoa, Bomba akaenda kumalizia kipande cha nyuma ya jikoni. Akanikabidhi simu pale dirishani.

"Ikilia, niite."

"Nitakuita mpaka majirani waitike."

Hakufika mbali, ikalia.

"Yuko wapi?" dada akauliza.

"Ndiyo kwanza ameanza. Ngoja nimwite."

"Usimwite! Wamekataa, kaka. Mpaka mwakani. Nitamwambia mwenyewe. Mwache amalize kwanza, majani yanywe. Hebu niwekee simu dirishani."

Nikaiweka. Mkono wa bomba ukawa unalia kwi-kwi, maji yakifoka, na Bomba akiimba ule wimbo wake usio na mahadhi wala maneno. Dada akawa anapumua tu. Na mimi, mtu ambaye hata msibani huombwa ninyamaze, nikanyamaza bila kuombwa.

Bomba akafika mwisho wa mstari, akageuka. "Imelia?"

Nikaitazama simu.

"Malizia kwanza, shemeji!" nikapaza sauti. "Anakusikiliza!"

Akasimama kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akaingia mstari mwingine, akisukuma mkono wa bomba kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, ili asikike.